Maji ya Pipa la Buluu

Simu ya Ajikon ilinikuta kwenye maabara yetu ya Kakuma, nimeinua chupa ya maji ya kisima kwenye mwanga wa dirisha nione kama ina tope. "Mama ametuacha," alisema, kisha papo hapo akaanza kunieleza habari za turubai, mbuzi na nani atawapokea watu wa kanisa, maana Ajikon ni mtu wa kazi hata kwenye msiba wa mama yake mzazi. Nilimwambia ndiyo, ndiyo, nitafika kesho. Nilipokata simu nikamaliza kupima yale maji, nikaandika kwenye fomu kwamba yanafaa kunywewa na watu, nikatia sahihi. Kisha nikakaa kwenye stuli, nikaona aibu. Huzuni ilikuja baadaye, njiani, na ilikuwa huzuni ya kweli, maana Esinyen alikuwa shangazi yangu na nilimpenda. Lakini aibu ndiyo iliyotangulia. Hiyo nimeishi nayo tangu nikiwa na miaka ishirini na moja, na haijawahi kuniomba ruhusa ya kuingia.

Hapa Kakuma watu huniita Mama Maji. Kazi yangu ni kuwaambia watu maji gani wanywe na yapi waogeshee punda tu. Mtu akiniuliza nilianzaje, humsimulia nusu: nilifundishwa kupima maji na injinia mmoja wa visima kule Lodwar, mwanamke wa Lamu aliyefuga samaki wa baharini ndani ya kioo. Watu hucheka, kwa sababu ni kichekesho, bahari katikati ya Turkana. Nami hucheka nao, halafu nabadilisha mazungumzo.

Jina lake Bi Salma. Nilipoajiriwa kumpikia na kumfulia nilimwita madam, kama tunavyowaita wote wenye ofisi, naye akanikomesha siku ya kwanza. "Madam ni nani? Mimi nina jina langu, mwanangu. Niite Bi Salma, na hicho unachokiita chai, hebu kirudishe jikoni." Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na sebule, paa la mabati, sakafu ya simenti nyekundu, na ua wenye mti mmoja wa mwarobaini. Alinifundisha kupika wali kwa nazi ya unga iliyokuja kwa pakiti. Mimi nikamfundisha kunywa maziwa ya ngamia bila kukunja uso, ingawa hilo hakulifaulu kabisa. Kila jioni alikaa kibarazani akitazama upande wa mlima, na nilidhani anaomba. Siku moja akaniambia kwamba hapo huwa anajaribu kusikia mawimbi, na kwamba amechoka kujidanganya kwa mvumo wa feni.

Ndipo akaleta tangi. Lilikuwa la kioo, refu kiasi cha mkono wangu na nusu, la kuingia maji kama mitungi mitano ya lita ishirini. Fundi alilisimamisha sebuleni juu ya meza ya vyuma, mbali na dirisha, na Bi Salma akapima meza kwa pimamaji mara tatu kama anajenga msikiti. Maji ya bomba ya Lodwar hakuyaamini; alisema yana madini mengi, yataleta mwani. Kwa hiyo alifunga jikoni chujio lenye mirija mitatu, lililosukumwa na pampu ndogo. Chujio lile lilikuwa na roho mbaya: ulilipa mitungi minne, likakurudishia mmoja wa maji safi kuliko mvua, na mitatu likaitema kwenye ndoo. Ile mitatu Bi Salma hakuimwaga. Tulifulia nguo, tukasafishia choo, na nyingine tukampa jirani yetu Mama Furaha, Mkongo aliyetoka Kakuma akaja Lodwar kushona nguo, alowekee vitambaa vyake. Nasema hivi ili ieleweke kwamba mama yule hakuwa mtu wa kuchezea maji. Yaliyotokea baadaye hayakuwa yake.

Yale maji safi tuliyachanganya na chumvi ya bahari ya unga, pampu ikayazungusha siku nzima, Bi Salma akayapima kwa kifaa kidogo cha kuchungulia kwa jicho moja. Tukatia mchanga, tukapanga mawe yenye matundu yaliyofika kwa ndege yamefungwa kwenye magazeti mabichi, tukawasha taa. Basi. Wiki sita tulikaa na tangi la mawe. Kila mgeni aliuliza samaki wako wapi. Bwana mmoja wa Kalokol aliyekuwa akituuzia samaki wakavu alilizunguka lile tangi, mikono nyuma, akamhurumia Bi Salma waziwazi. "Madam, si ungechukua samaki ya ziwa? Iko mingi. Sasa hii mawe utakula lini?" Bi Salma alicheka mpaka akashika meza. Akanieleza mimi, si yule bwana, kwamba mawe yale yana vijidudu visivyoonekana, na hivyo ndivyo vinavyokula uchafu. Tukitia samaki kabla vijidudu havijazaliana, samaki watakufa kwa mikojo yao wenyewe. Alinipa vichupa vya dawa za matone na kadi za rangi, akanionyesha jinsi ya kupima kila asubuhi. Matone matano, tikisa, subiri, linganisha na kadi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne nikiwa na alama nzuri ya kemia, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza chochote kuhusu kemia hiyo. Bi Salma aliniuliza. Kufikia wiki ya tatu aliacha kurudia vipimo vyangu.

Matumbawe yalikuja katika boksi la plastiki nyeupe, vipande vidogo vilivyobandikwa kwenye vijiwe kwa gundi, kutoka kwa mtu wa pwani anayevikuza kwa kibali. Siku ya kwanza vilikuwa kama makovu. Siku ya tatu, nikifagia, niliona kimoja kimefunguka, kimetoa vidole vya kijani vinavyoyumba, na fagio likanianguka. Baadaye tukapata samaki wawili wa rangi ya machungwa, wana mistari myeupe, na kamba mmoja mwekundu aliyewasafisha mdomo kama daktari wa meno. Mimi bahari sijaiona mpaka leo. Lakini nilikuwa naamka kabla ya chai kwenda kuwatazama, na nilizungumza nao Kiturkana, na nilimkataza kila aliyeingia asigonge kioo. Niliwapenda. Wangekuwa kazi tu, pengine ningefanya vingine.

Shida ya tangi lile ilikuwa joto. Lodwar mchana hata kivuli kina jasho, na matumbawe hayavumilii. Bi Salma alifunga feni mbili juu ya maji, zikapata umeme wa jua, na maji yakapoa. Lakini maji yakipulizwa hupanda hewani, na chumvi haipandi, hubaki. Kila siku tangi lilishuka upana wa vidole viwili, na kilichobaki kikazidi kuwa kikali. "Ukiwaongezea maji ya chumvi, unawaua," aliniambia. "Waongezee maji matupu. Safi. Kila asubuhi mpaka mstari." Aliuchora mstari kwa kalamu nyeusi kwenye kioo. Maji hayo safi yalikaa kwenye pipa la buluu kando ya meza, lina kifuniko, na juu yake kikombe cha bati cha kuchotea. Lita sita kwa siku, na siku za upepo, saba. Tangi lile lilikunywa kuliko mimi.

Mwaka huo mvua haikunyesha. Mwanzoni bomba lilitoka mara mbili kwa wiki, kisha mara moja, kisha likawa linapiga mluzi tu. Mama yake Bi Salma akaugua Lamu. Siku moja kabla hajasafiri nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikamsikia sebuleni anaongea na kaka yake kwa simu. "Nina msichana hapa, Akai, ana akili ya kupima kuliko hawa vijana wangu wa ofisini. Nataka nimpeleke akasomee maabara. Nafasi ipo moja. Ngoja nirudi, nikimkuta kalimudu tangi bila mimi, barua naiandika siku hiyo hiyo." Mchele ukawa hauonekani vizuri. Asubuhi akaniaga, akaniachia namba za simu, unga, maharagwe, na pipa limejaa. "Wiki mbili," akasema. Hakuniambia nimnyime mtu maji. Nimejaribu miaka mingi kumkumbuka akisema hivyo, na hakusema.

Siku ya tisa shangazi Esinyen akaja. Bomba lilikuwa kavu kabisa, pampu ya chujio imekaa kimya, na mzee wa mkokoteni aliyekuwa akituletea mitungi hakuonekana tangu juzi. Maji yangu ya kunywa yalikuwa yamekwisha usiku uliopita. Pipa la buluu lilikuwa limebaki na lita thelathini na kidogo. Nilikuwa nimepima kwa kijiti. Siku tano. Bi Salma alikuwa anarudi baada ya tano. Na lazima niseme hili pia: asubuhi ile nilikuwa nimechota kikombe kimoja cha pipa, nikanywa mimi mwenyewe, nimesimama.

Alifika saa saba mchana. Lori la kutoka Kaaleng lilimshusha nje ya mji akatembea kilichobaki, na begani alikuwa na kibuyu cha samli aliyoniletea. "Ejok, Akai." "Ejok, shangazi." Akakaa chini, akaegemea ukuta kwa sababu simenti ilikuwa na ubaridi kidogo, akanyoosha miguu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alilitazama tangi kwa muda, akacheka. Tuliongea Kiturkana, lakini nakumbuka kila neno. "Hawa ni samaki au mabinti? Mbona wamevaa shanga?" Nyumbani kwetu mtu aliyetoka njiani haulizwi habari kabla hajanywa. Nilijua. Nilisimama pale kama mlingoti, nikimuuliza habari za mbuzi.

"Nipe maji kwanza, mwanangu," akasema.

"Yamekwisha, shangazi. Bomba limekauka."

Hakuona ajabu, kukauka ni jambo analolijua. Lakini macho yake yakaenda kwenye pipa, kwenye kikombe juu ya kifuniko, na mkono wake ukafuata. "Na haya je?"

Nilihesabu. Hilo ndilo siwezi kulisamehe, kwamba sikubabaika, nilihesabu. Akinywa kikombe atataka cha pili, na atakuwa na haki. Atataka ya kunawa uso. Kesho atakuja na wenzake wa lori, na siwezi kuwapa mmoja niwanyime wengine. Na siku ya nne mstari wa kalamu utakuwa juu ya maji, na vidole vya kijani vitajikunja, na barua haitaandikwa. Yote hayo yalipita kichwani kabla mkono wake haujafika.

"Usiguse!" nikasema. "Hiyo ni dawa ya samaki. Mtu akinywa, tumbo linaungua."

Akaurudisha mkono haraka, akaupangusa kwenye shuka. Kisha akanishika kifundo cha mguu, akanivuta nisogee upande wake. "Basi na wewe usikae karibu nayo," akasema.

Alipumzika kidogo, halafu akainuka, akatoka. Kupitia dirisha nilimsikia kwa Mama Furaha, anatafuta Kiswahili chake kidogo alichokipata sokoni. "Mama, maji. Mimi na mtoto yangu hapa. Nyumba yake hapana maji. Iko dawa tu."

Cherehani ikanyamaza. "Mu nyumba ya injinia hamuna mayi?" Mama Furaha aliuliza. Najua alikuwa anatazama dirisha letu. "Yesu wangu. Kaa, mama. Kunywa polepole, usikunywe mbiombio."

Nikadhani yamekwisha. Nilikuwa nimeanza hata kupumua. Ndipo shangazi akaingia tena, anatembea taratibu, ameshika jagi la plastiki kwa mikono miwili, nusu limejaa, macho kwenye maji yasimwagike. Akaniwekea mbele.

"Mimi nimekunywa huko," akasema. "Haya ni yako. Kunywa, mwanangu. Sijui unaishije katika nyumba hii."

Nilikunywa. Angefanya nini mtu? Nilikunywa mbele yake jagi lote, na alinitazama koo likipanda na kushuka, na alipoona nimemaliza uso wake ukalegea. Sikuwa na kiu.

Alilala siku mbili kwa ukoo wetu ng'ambo ya mto, akarudi Kaaleng. Mama Furaha alinipitia kesho yake nikifagia ua. Hakupaza sauti. "Akai, ile mayi haiko dawa. Miye najua, munanipatiaka ile ingine. Batu benye balininyima mayi ku njia wakati wa vita, sikubajua. Weye huyu unamujua." Akarudi kwenye cherehani yake. Baada ya hapo alinisalimia kila siku, na siku zile za kiu alinipa jagi la kunywa, kwa adabu kamili, wala hakuniita tena binti yangu.

Bi Salma akapiga simu: mama hajambo, lakini ndege imejaa, atachelewa siku mbili. Nikaenda kupima pipa kwa kijiti, kikatoka kikavu karibu chote. Siku ya kumi na tano asubuhi lori likasimama mlangoni, utingo akaruka na mtungi wa njano begani, mdomo wa mtungi umefungwa kitambaa cha shuka ninalolijua. "Wewe ndiyo Akai? Hii maji ni yako. Kuna mama ya Kaaleng ametuma. Amesema uwache kukaa na hiyo dawa." Lita ishirini. Yalikuwa maji ya kisima kinachochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, yana rangi ya chai ya maziwa iliyokolea maji. Mtungi mzima ulikuwa umesafiri barabara ile yote, na haukupungua hata mdomoni.

Ningeweza kuyanywa. Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kurekebisha, angalau hiyo. Lakini samaki walikuwa wamekaa juu juu, na moja ya matumbawe lilikuwa limeanza kufifia pembeni. Niliyachuja kwa kitambaa, nikayaacha yatue, nikawasha pampu na kuyapitisha kwenye chujio. Nusu saa. Nikapata lita tano, nikazitia kwenye tangi polepole mpaka karibu na mstari. Zile kumi na tano zilizotemwa zilibaki kwenye ndoo, na kwa kuwa Bi Salma alikuwa anarudi kesho yake, nilipigia deki sebule.

Alifika amechoka, hakuvua hata kiatu, akaenda moja kwa moja kwenye kioo. Akapima chumvi, akapima tena. "Umewaweka hai, mwanangu," akasema, na machozi yalimlengalenga. "Katika ukame huu! Maji uliyapata wapi?"

"Nilitumiwa kutoka nyumbani."

"Una watu wema sana," akasema, na kabla ya magharibi barua ilikuwa imeandikwa. Mwisho wa mwaka alihamishwa. Samaki wakaondoka kwa ndege ndani ya mifuko ya hewa, matumbawe kwenye boksi. Wakati huo mimi nilikuwa tayari chuoni, najifunza majina ya kitaalamu ya mambo niliyoyajua.

Mazishi yalikuwa Kaaleng, mchana wa jua kali. Tangu nishuke kwenye gari nilisikia watu wakilisimulia lile jambo: Esinyen aliyemtumia mtoto wa ndugu yake mtungi wa maji mpaka Lodwar, ukame ule, kwa sababu huko mjini walikuwa wanamnywesha dawa. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa walilijua kuliko mimi. Nilimtafuta Ajikon, nikamkuta nyuma ya nyumba anakoroga sufuria ya maharagwe, nikamwambia yote. Nilianza na pipa, nikaishia na deki. Hakuacha kukoroga.

"Kwa hiyo waliyanywa samaki," akasema.

"Samaki. Na sakafu."

"Unajua siku ile ilikuwaje hapa?" Alikuwa anaongea kama anayenipa maelekezo ya mapishi. "Kisima kilikuwa kinatoa kata moja, unasubiri, kata nyingine. Mama alisema mtungi wa kwanza ni wako, na hakuna mtu atakayekunywa mpaka ujae, maana lori linaondoka. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni ananyonya na hapati kitu. Nilikunywa jioni."

Nikamwambia nataka kusimama mbele ya watu nikiri. Nikasema nimebeba jambo hili muda mrefu.

"Unataka kulitua," akasema, sasa akinitazama. "Utalitua wapi? Juu yake? Wanamsifu kwa yale maji, Akai. Ng'ombe hakuacha, nyumba hakuacha. Ukiwaambia ukweli atabaki mwanamke aliyedanganywa na mtoto wake mwenyewe, akawanyima maji wajukuu ili mtu apige deki. Nenda ukakae nao. Ukiitwa, sema asante."

Nikaitwa. Katekista alisema kuna binti hapa aliyesoma kwa ajili ya mama huyu, aje atuambie. Nilisimama chini ya turubai, mbele ya watu wa ukoo wangu wote, na jeneza liko pale, fupi kuliko nilivyotarajia. Nilisema mwaka ule kulikuwa na ukame, nikasema shangazi alinitumia maji. Sikuweza kuendelea, na watu wakadhani ni kilio. Mzee mmoja aliyekaa mbele, masikio yake mazito, akauliza kwa sauti: "Na yalikufikia? Uliyanywa?"

Ajikon alikuwa amesimama pembeni, mwiko bado mkononi.

"Niliyanywa yote," nikasema. Katekista akasema amina, na watu wote wakaitikia.